Tanbihi ya 61: Kisa cha Anwani Iliyokatwa Mstarini

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Kaka, tanbihi ya 61 haifunguki. Nimejaribu mara tatu, na mara ya mwisho nimejikuta kwenye tovuti ya kamari."

Aliyeniandikia ni mfasiri ambaye nimehariri kazi zake kwa miaka kadhaa. Alikuwa katikati ya kufasiri kitabu cha ukarabati wa vitabu vya kale, kilichochapwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sura ya nne inafundisha kupika gundi ya wanga, ile inayotumika kuunganisha karatasi zilizochanika. Mwandishi anataja kipimo kimoja tu cha wanga na maji, kisha anamwelekeza msomaji kwenye jedwali la mkarabati mwingine lililokuwa mtandaoni. Tatizo ni kwamba sentensi yenye kipimo hicho ina utata: unaweza kuisoma kuwa ni uzito, unaweza kuisoma kuwa ni ujazo, na wanga wa kijiko kimoja hauna uzito sawa na maji ya kijiko kimoja. Anayetumia kitabu hiki huwa ana karatasi mezani isiyo na ya pili yake. Gundi ikiwa nzito kupita kiasi, karatasi hukauka ikiwa ngumu na kujikunja. Kwa hiyo hatukuwa tunatafuta anwani ili tanbihi ipendeze. Tulikuwa tunatafuta jibu la swali ambalo lingemfikia mtu mwenye brashi mkononi.

Ninakiandika kisa hiki hatua kwa hatua kwa sababu watu wengi huishia pale tulipoanzia: ukurasa haufunguki, basi, umekufa. Na ni kweli kwamba kurasa nyingi zimekufa. Kituo cha utafiti cha Pew kilipopima mwaka 2024, kilikuta kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Lakini ukurasa kutofunguka mahali ulipokuwa na ukurasa kupotea duniani ni mambo mawili tofauti. Kosa kubwa tulilokaribia kulifanya lilikuja mwishoni kabisa, tulipodhani tumeshapata.

Tulichokuwa nacho

Nilimwomba anipigie picha ya ukurasa wa kitabu, asininakilie anwani. Ombi hili huwashangaza watu, lakini anayenakili huwa ameshaamua mambo mengi bila kujijua. Katika picha, anwani ilikuwa imepigiwa mstari chini, kama ilivyokuwa desturi, na imekatika katika mistari miwili. Jina la kikoa (jina la tovuti lenyewe) na la mkarabati nimeyabadilisha, natumia example.org, ambalo ni moja ya majina yaliyotengwa rasmi mwaka 1999 kwa ajili ya mifano:

http://www.example.org/~mkarabati/noti/gundi-
jedwali l.htm.

Tuliitazama mistari hii miwili kwa nusu saa nzima, na sijutii hata dakika moja ya nusu saa hiyo.

Kwanza, kile kistari baada ya "gundi". Je, ni sehemu ya anwani, au ni mpangaji wa kurasa aliyekiweka kwa sababu neno lilimfikia ukingoni, kama anavyofanya kwa neno lolote? Kwa macho huwezi kujua. Pili, pengo kati ya "jedwali" na alama inayofuata. Anwani haibebi nafasi tupu; ikiwepo huandikwa %20. Lakini kistari cha chini, hiki _, kikipigiwa mstari chini humezwa na mstari huo na kubaki kama pengo. Tatu, alama baada ya pengo: ni herufi l au tarakimu 1? Katika herufi za kitabu kile zilifanana kama mapacha. Nne, nukta ya mwisho. Hii ilikuwa rahisi, ni ya sentensi, wala si ya anwani. Mfasiri alikuwa ameinakili pamoja na mengine, na jaribio lake la kwanza lingeshindwa hata kama tovuti ingekuwa hai.

Kistari kipo au hakipo, pengo ni _ au %20, mwisho ni l au 1. Mbili mara mbili mara mbili: anwani nane zinazowezekana kutoka kwenye tanbihi moja. Kuna jambo jingine ambalo husahaulika: sehemu ya kwanza, jina la kikoa, haijali herufi kubwa wala ndogo, lakini yote yanayofuata mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina hilo, kwenye seva nyingi, yanajali. "Noti" na "noti" ni milango miwili. Kitabu chetu kilikuwa na herufi ndogo tupu, tukakiamini.

Kiwimbi kile (~) nacho kilikuwa na habari. Kinatokana na mifumo ya kompyuta ya Unix, ambako kiwimbi na jina la mtu humaanisha kabati la faili la mtu huyo. Ukikiona kwenye anwani ya zamani, mara nyingi unatazama ukurasa binafsi wa mtu aliyepewa nafasi kwenye seva ya taasisi yake. Kurasa za namna hii hazifi kwa sababu tovuti imefungwa. Hufa kwa sababu mwenyewe ameacha kazi, amestaafu, au amehama, na mtu anayehama mara nyingi huhama na faili zake. Nilimwambia mfasiri tumtafute mkarabati alikohamia kabla ya kuanza kuililia taasisi.

Jina lenye mwenyewe mpya

Tovuti ya kamari ilimtisha, na alikuwa na haki ya kutishika. Nilimwomba asiifungue tena wala asibofye chochote ndani yake. Kilichotokea ni jambo la kila siku. Jina la kikoa halinunuliwi, hukodiwa. Kwa majina ya .com, .net na .org, muda ukiisha msajili anaweza kumvumilia mwenyewe hadi siku 45. Jina likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa, kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna anayeweza kufanya lolote. Baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua. Wapo wanaoyavizia majina ya zamani yenye viungo vingi vinavyoyaelekea, kwa sababu injini za utafutaji bado zinayaheshimu kwa heshima ya mwenyewe wa kwanza.

Hili linathibitishika. Kumbukumbu za usajili wa majina ziko wazi. Zamani tuliziuliza kwa utaratibu uitwao WHOIS. Tangu Januari 2025, kwa majina kama haya, utaratibu rasmi ni mrithi wake, RDAP, na ukurasa wa utafutaji wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya kikoa, unamtosha mtu wa kawaida. Jina la mwenyewe huenda usilione, kwani tangu kanuni ya Ulaya ya kulinda data binafsi ianze kutumika Mei 2018, taarifa nyingi za watu binafsi zimefichwa. Sisi hatukuhitaji jina. Tulihitaji mstari mmoja tu, tarehe ya kusajiliwa. Ilikuwa miaka mingi baada ya kitabu kuchapwa. Hapo tukajua kwa uhakika kwamba mwenye jina la leo si yule aliyetajwa na kitabu, na chochote kilichomo humo leo hakituhusu.

Mfasiri alipendekeza tutafute namba ya IP ya tovuti ya zamani, yaani namba inayoitambulisha mashine mtandaoni. Wazo hili humjia karibu kila mtu, na karibu kila mara halisaidii. Mfumo wa majina ya kikoa uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ulikusudiwa tangu mwanzo kutenganisha jina na mashine, ili mashine ibadilike jina libaki. Namba ya leo inakupeleka kwa mpangaji wa leo. Ile ya zamani, hata ukiipata, yaelekea inatumiwa na mwingine kabisa. Nilijaribu pia kumbukumbu za wazi za vyeti vya usalama, kupitia crt.sh, ambazo ni hazina unapotafuta matawi yote ya tovuti iliyo hai. Lakini kumbukumbu hizo zilianza mwaka 2013, na ukurasa wetu ulikuwa wa http tupu, haukuwahi kuwa na cheti. Hakukuwa na kitu.

Hifadhini

Tukaenda Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani ya Internet Archive. Shirika hilo lilianzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 na likaifungulia umma hazina hiyo mwaka 2001. Tuliingiza anwani zetu nane moja baada ya nyingine. Zote nane: hakuna nakala.

Hapa ndipo wengi hufunga kompyuta. Lakini tulikuwa tumeuliza swali jembamba mno, tukiitaka faili moja kwa jina ambalo wenyewe hatukuwa na hakika nalo. Hifadhi hii inakubali swali pana zaidi. Ukiandika web.archive.org/web/*/ kisha mwanzo wa anwani na kuimalizia kwa nyota nyingine, inakuorodheshea kila ilichowahi kukinasa chini ya njia hiyo. Tukaandika hivi:

web.archive.org/web/*/www.example.org/~mkarabati/*

Majibu yalikuwa mawili tu. Moja lilikuwa ukurasa wa mbele, wenye salamu na picha ya meza ya kazi. La pili lilikuwa na tabia ya ajabu: kila tulipolifungua liliwaka kwa sekunde moja, kisha likaruka na kutuachia ujumbe kwamba ukurasa haujahifadhiwa. Mfasiri alikwishaliweka kando kama nakala mbovu. Mimi lilinifurahisha, kwa sababu ukurasa unaoruka una mahali unakorukia.

Kurasa za zamani zilipohamishwa mara nyingi ziliachiwa amri ndani yake, ikimwambia msomaji "nimehamia kule" na kukiamuru kivinjari kiende chenyewe baada ya sekunde chache au papo hapo. Kivinjari kinatii haraka kuliko jicho linavyosoma. Dawa yake ni kuomba chanzo cha ukurasa, yaani maandishi ya kompyuta yanayouunda, kwa kuweka view-source: mbele ya anwani, chanzo kinasomwa tu, hakitekelezwi. Kilikuwa na mistari tisa. Katika wa nne mlikuwa na anwani nzima ya tovuti mpya, yenye kikoa kingine kabisa, bila kiwimbi, na kabati ambalo halikuitwa tena "noti" bali "warsha". Mkarabati alikuwa amehama kweli, na alikuwa amemwachia kila msomaji wake barua mlangoni.

Kama barua hiyo isingekuwepo, hatua yangu iliyofuata ingekuwa kurasa za viungo za wakarabati wengine wa enzi hiyo. Watu walikuwa wakikusanya anwani za wenzao kwa upendo mkubwa, na ndani ya chanzo cha kiungo hakuna mpangaji wa kurasa anayekata neno wala mstari unaomeza alama. Ninazitaja kwa sababu zimeniokoa katika visa vingine. Hapa hatukuzihitaji.

Tukarudia swali la nyota kwa kikoa kipya. Safari hii orodha ilijaza skrini, na karibu na katikati ilikuwapo: gundijedwali_1.htm. Hapakuwa na kistari, kilikuwa cha mpangaji wa kurasa. Pengo lilikuwa kistari cha chini. Mwisho wake ulikuwa tarakimu. Mfasiri alinipigia simu badala ya kuandika, na kwa muda hakuna aliyesema chochote cha maana.

Picha ya mwaka mwingine

Ukurasa ulifunguka. Juu kulikuwa na maelezo mafupi ya kupika gundi, katikati jedwali, chini saini ya mkarabati. Na juu kabisa ya jedwali, kwa maneno yasiyo na shaka: vipimo vyote ni vya uzito. Swali letu lilikuwa limejibiwa.

Mfasiri akashuka hadi mstari wa jedwali ambao kitabu kinaunukuu, akanyamaza. "Namba haifanani," akasema. Kitabu kilisema kipimo kimoja, jedwali likasema kingine chenye maji mengi zaidi. Yeye alishaanza kufikiri kwamba mwandishi wa kitabu alinukuu vibaya, na kwamba tafsiri yetu isahihishe. Nami, nakiri, niliona hoja yake. Ukurasa ulikuwa mbele yetu na tarehe ya kunaswa kwake ilikuwa ya kabla ya kitabu. Tungebishana na nini?

Kilichonizuia ni kwamba jedwali halikuwa maandishi. Nilijaribu kuichagua namba kwa kipanya, ikagoma, lilikuwa picha. Na hapa kuna jambo kuhusu hifadhi hii ambalo kila anayeitumia kama ushahidi anapaswa kulijua. Ukurasa wa mtandao si kitu kimoja. Ni faili ya maneno inayoita faili nyingine: picha, mitindo, mapambo. Hifadhi hunasa kila faili kwa wakati wake. Unapofungua nakala ya siku fulani, inakupa maneno ya siku hiyo, kisha kwa kila picha inatafuta nakala yenye tarehe iliyo karibu zaidi. Hiyo iliyo karibu zaidi yaweza kuwa ya miaka kadhaa mbele. Vyote vinaonekana pamoja, kana kwamba vilikuwa pamoja tangu mwanzo.

Ukweli umo kwenye anwani yenyewe. Kila nakala ya Wayback hubeba tarakimu 14: nne za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku, kisha saa, dakika na sekunde. Tarakimu za ukurasa wetu zilianza na 2002. Nikabofya picha ya jedwali kwa kitufe cha kulia, nikaifungua katika kichupo chake, nikasoma tarakimu zake. Zilianza na 2006.

Tulikuwa tunatazama maneno ya mwaka mmoja na jedwali la miaka minne baadaye. Kitabu kilichapwa katikati ya tarehe hizo mbili.

Tukaichukua anwani ya picha peke yake, jedwali1.gif, na kuiombea orodha ya nakala zake zote. Ya 2006 ilikuwapo, na kabla yake nyingine moja, iliyonaswa miezi michache tu baada ya ukurasa. Ilikuwa picha ndogo kidogo, yenye safu tatu badala ya nne. Mstari ule ule, namba ile ile ya kitabu. Mwandishi alikuwa amenukuu sawasawa kabisa. Baadaye mkarabati aliendelea kufanya kazi, akajifunza, akaliboresha jedwali lake na kuongeza maji, bila kubadilisha jina la faili.

Sina hakika ningeligundua hili kama namba zingegongana kwenye mstari usionukuliwa na kitabu. Tungeandika "imethibitishwa" na kupitisha.

Tanbihi mpya

Tulijadiliana siku mbili kuhusu la kufanya. Rai yangu ilikuwa kwamba mfasiri hana ruhusa ya kubadilisha kipimo cha mwandishi, lakini ana wajibu wa kumwambia msomaji anachokijua. Naye akaongeza jambo ambalo sikulifikiria: msomaji apewe majedwali yote mawili, kila moja na nakala yake, kwa kuwa mkarabati mwenyewe ndiye aliyelibadilisha na la pili ndilo uamuzi wake wa baadaye. Alikuwa na haki. Kipimo cha kitabu kikabaki ndani ya matini, pamoja na maneno "kwa uzito" kuondoa utata, na tanbihi ikabeba mengine.

Tanbihi ya 61 sasa ina anwani ya zamani kama ilivyochapwa, ikielezwa kwamba kikoa hicho kimeshapita kwa mwenye shughuli nyingine na kisifunguliwe. Inafuatwa na anwani ya nakala ya ukurasa yenye tarakimu zake 14, kisha anwani mbili za picha, ya kwanza na ya pili, kila moja na tarakimu zake. Tarehe tulipozisoma ipo pia. Tulipakua faili zote tatu na kuzikabidhi kwa mchapishaji, kwani hifadhi nayo ni kompyuta za watu: Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi, na Wayback Machine ilizimwa kwa siku kadhaa.

Tulimtafuta pia mkarabati. Kikoa chake cha pili nacho hakifunguki, na anwani ya barua pepe iliyokuwa chini ya ukurasa ilirudisha ujumbe wetu. Tumeuacha ujumbe huo kwenye faili letu la kazi ya kitabu, endapo mtu anayemfahamu atatokea.

Lilibaki la mpangaji wa kurasa. Nakala ya kwanza ya majaribio ilipotufikia, anwani ya picha ya pili ilikuwa imefika ukingoni na programu ikaikata kwa kistari, baada ya "jedwa". Mfasiri aliizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Hapana. Kata kabla ya mkwaju, bila kistari, na usipige mstari chini." Nakala ya pili ilirudi ikiwa imekatwa kabla ya mkwaju, kwa herufi ambazo l na 1 zake hazifanani.